Kulea daktari-mtafiti wa mishipa ya damu katika hospitali ya mkoa: mwongozo kutoka Tabora

Mzee aliyepooza upande mmoja, mama mwenye kisukari ambaye kidonda cha kidole cha mguu hakiponi, binti aliyejifungua juzi na sasa mguu wa kushoto umevimba hadi pajani. Katika hospitali zetu watatu hawa hulazwa wodi tatu tofauti na kuandikwa madaftari matatu tofauti, na wote wanaumwa mishipa ya damu. Mtu wa kuwaangalia kwa jicho moja, awatibu leo na pia aulize kwa nini wanaongezeka, hatunaye wa kutosha. Mwongozo huu nawaandikia madaktari bingwa na waganga wafawidhi wa hospitali za Kitete, Nkinga na za wilaya ambao wako tayari kumlea mtu huyo. Madaktari vijana nao wausome, wajue cha kudai.

Nina msimamo mmoja, nao ndio unaobeba hatua zote zinazofuata: daktari-mtafiti wa mishipa anaweza kuanza kutengenezwa hapahapa mkoani, kabla ya ufadhili na kabla ya safari ya masomo, mradi afundishwe kupima kwa usahihi na apewe muda wa kufikiri. Aliyekwenda chuo kikuu bila mambo hayo mawili hurudi na cheti, lakini wodi inabaki vilevile.

Hatua ya kwanza: chagua watu wawili

Mmoja akiwa peke yake huchoka, au huhamishwa na kazi yote ikafa. Chukua wawili waliomaliza mafunzo ya vitendo na kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, ikiwezekana mmoja mwenye mwelekeo wa magonjwa ya ndani na mwingine wa upasuaji, kwa sababu mishipa ya damu haijui mpaka kati ya idara hizo. Waongezee muuguzi mmoja wa kliniki ya presha na kisukari. Huyo ndiye atakayebaki wengine wakienda masomoni, na mara nyingi ndiye anayejua mgonjwa gani ameacha dawa na kwa nini.

Katika kuchagua, alama za chuo zisikutawale. Mtazame daktari anayerudi jioni kumwona tena mgonjwa aliyemtia shaka asubuhi. Mtazame pia anayeandika faili linalosomeka.

Hatua ya pili: mfundishe mkono kabla ya kompyuta

Hapa ndipo pa kukaa sana. Miezi mitatu haitoshi kuwa bingwa, lakini inatosha kumfanya mtu apime presha, mapigo ya miguu na uwiano wa kifundo na mkono (presha ya kifundo cha mguu ikigawanywa kwa ya mkono) kwa namna ambayo namba zake zinaaminika.

Anza na presha, na anza kwa zoezi hili. Fungua daftari la kliniki, chukua vipimo 100 vya karibuni, uhesabu vingapi vinaishia na sifuri. Mashine ya mkono husomwa kwa hatua za 2, kwa hiyo tarakimu ya mwisho inaweza kuwa 0, 2, 4, 6 au 8, na sifuri ingepaswa kuonekana kama mara moja katika tano. Ukikuta 140/90, 130/80, 150/90 ukurasa mzima, umeona ugonjwa wa daftari lenyewe: mpimaji anakadiria. Waache vijana wahesabu wenyewe. Hakuna somo la takwimu linaloingia kichwani kama hilo, maana wanaelewa papo hapo kwamba mgonjwa mwenye 138 na mwenye 142 wote wamegeuzwa 140, na kwamba mpaka wa kutibu uko hapohapo kwenye 140/90.

Kisha wafundishe kupima upya. Mgonjwa akae dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, nyayo ziko chini, miguu haijapandana, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu, na nusu saa iliyotangulia asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa. Mkanda uendane na unene wa mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba bila ugonjwa. Apimwe mara mbili, kwa nafasi ya dakika moja au mbili, na siku ya kwanza mikono yote miwili. Kwenye foleni ya watu sitini hili linaonekana haliwezekani. Linawezekana kama kuna benchi la kupumzikia kabla ya meza ya kupimia, na benchi ni fundi seremala tu.

Baada ya hapo, miguu. Mgonjwa avue viatu na soksi, kila mmoja, kila mara. Daktari ashike mapigo manne kila upande: kinenani, nyuma ya goti, nyuma ya kifundo cha ndani, na juu ya unyayo. Aandike yapo au hayapo, na akiwa na shaka aandike kwamba ana shaka.

Mahali ambapo vidole vinashindwa, Dopla ndogo ya mkononi inaendelea. Ni kifaa cha kusikiliza mwendo wa damu, kisichozidi ukubwa wa redio ndogo, kina kalamu inayotoa mawimbi ya sauti, kwa kawaida ya megahezi 8 kwa mishipa ya miguu. Ikiwa hospitali ina fedha ya kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya programu hii, inunue hicho na jeli yake.

Namna ya kupima uwiano wa kifundo na mkono ni hii. Mgonjwa alale chali dakika 10, visigino viwe juu ya kitanda. Funga mkanda mkononi, weka jeli kwenye kiwiko, lalisha kalamu kwa mshazari wa nyuzi 45 hadi 60 kuelekea damu inakotoka, uitafute sauti. Ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) yenye afya hupiga kwa mikato, sauti kali ikifuatwa na nyingine ndogo. Iliyoziba juu hutoa mvumo mmoja mzito, wa polepole. Vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) huvuma kama upepo na kubadilika mgonjwa anapovuta pumzi. Ukishapata sauti, jaza mkanda hadi ipotee, ongeza 20 juu yake, kisha fungua taratibu, kama milimita 2 kwa sekunde, na uandike namba sauti inaporudi. Fanya hivyo mikono yote miwili. Kwenye miguu, mkanda ukae juu kidogo ya kifundo, upime ateri mbili: ile ya juu ya unyayo na ile ya nyuma ya kifundo cha ndani.

Hesabu: kwa kila mguu chukua namba kubwa kati ya hizo mbili, uigawe kwa namba kubwa ya mikono. Mguu una 96, mkono una 150: jibu ni 0.64, na mguu huo haupati damu ya kutosha. Kuanzia 1.00 hadi 1.40 ni kawaida, 0.91 hadi 0.99 ni mpakani, 0.90 kushuka chini ni ugonjwa wa ateri za miguu. Ikizidi 1.40 usifurahi. Kuta za ateri zimekakamaa kwa chokaa na mkanda hauzibani, jambo la kawaida kwa wenye kisukari cha muda mrefu na wenye figo mbovu. Hapo mguu unaweza kuwa unakufa huku namba ikionekana nzuri, kwa hiyo sikiliza sauti ya ateri, na kifaa kikiwapo pima presha ya kidole gumba.

Mwisho wa miezi hiyo fanya mtihani mmoja. Wagonjwa 20, wapimaji wawili, kila mmoja asione karatasi ya mwenzake. Namba zao zikitofautiana kwa 0.15 au zaidi mara kwa mara, hawajaiva, warudie. Wakikubaliana, unayo timu ambayo namba zake zinaweza kupelekwa popote.

Hatua ya tatu: daftari moja la mishipa

Taarifa za MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za afya) zinahesabu wagonjwa, na mfumo wa kompyuta wa hospitali unatunza malipo na dawa. Hakuna kati ya hivyo kitakachokueleza mguu uliokatwa mwezi wa tano ulikuwa na mapigo mwezi wa pili au la. Fungua rejista ya pekee, hata kama ni kitabu kigumu mwanzoni, baadaye ihamie kwenye fomu za kompyuta za KoboToolbox au REDCap.

Vipengele visizidi vinavyojazwa kwa dakika 5: umri, jinsia, wilaya, kazi, tumbaku (anavuta, ananusa, analima, anakausha), presha, sukari, mapigo ya miguu, uwiano, utambuzi, dawa, na hali yake siku ya 30 na siku ya 90. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo yenye thamani. Namba za simu mbili, yake na ya ndugu, zikae kwenye kitabu tofauti kilichofungiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu na sisi.

Maana ya kila ugonjwa iandikwe ukurasa wa kwanza. Kiharusi, kwa maana ya Shirika la Afya Duniani, ni dalili za ghafla za ubongo zinazodumu zaidi ya saa 24 au kusababisha kifo, bila sababu nyingine inayoonekana ila mishipa ya damu. Pale CT (mashine ya picha za ndani ya kichwa) ipo, iandikwe kama ni damu imevuja au mshipa umeziba, kwa sababu aspirini inayomsaidia wa pili inaweza kumdhuru wa kwanza.

Vijana wakikuambia mkoa hauna hadhi ya utafiti mkubwa, waeleze kuhusu Framingham. Ni mji mdogo wa Massachusetts, Marekani, ambako mwaka 1948 watu 5,209 walianza kufuatiliwa, na sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu presha, lehemu (kolesteroli), sigara na moyo ilitoka kwa wakazi wale. Karibu zaidi na nyumbani, utafiti wa kiharusi uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikwenda vijijini na mitaani badala ya kusubiri wodini, ukapata kwamba kiharusi Dar es Salaam kilikuwa miongoni mwa viwango vya juu vilivyowahi kupimwa. Mtafiti wa mkoani alisome hilo kwa makini: wagonjwa wengi hufia nyumbani, na rejista ya hospitali haiwaoni kamwe.

Hatua ya nne: swali litoke kwenye ardhi ya hapa

Usikubali andiko lenye swali lililonakiliwa. Tabora ina maswali yake, na kubwa liko mashambani Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui.

Tunajua sigara inaharibu ateri. Tunajua pia kwamba anayechuma jani bichi la tumbaku lenye umande au mvua hupokea nikotini kupitia ngozi. Ndiyo ile kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika ambako wachumaji wengi huona ni uchovu. Nikotini hubana mishipa na kupandisha presha. Je, presha ya mchumaji ikoje wakati wa kuchuma, na ikoje miezi michache baadaye, masoko yakiwa yamefungwa? Na wanaolala karibu na bani (banda la kukaushia tumbaku) usiku wakichochea moto, moshi unawafanya nini?

Swali hili lina uzuri wa pekee: kila mtu anajilinganisha na yeye mwenyewe, msimu kwa msimu, hivyo umri na urithi havikuvurugi. Lakini lina mitego. Msimu wa kuchuma ndio pia msimu wa kazi nzito, chumvi nyingi na madeni ya pembejeo. Mwanafunzi wako aiorodheshe mitego hiyo kabla hujamtajia, na akipata nusu yake ujue anaanza kuwa mtafiti.

Idadi ya watu isikisiwe. Utafiti wa kitaifa wa vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, STEPS, wa mwaka 2012 ulikuta karibu asilimia 26 ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu. Ukitaka tu kujua kiwango hicho kwa wakulima, kwa kukosea kusikozidi asilimia 5 juu au chini, fomula ya kawaida inakupa watu 296. Kwa kuwa utawapata kupitia AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), na wa chama kimoja hufanana maisha, zidisha kwa 1.5 upate 444. Kisha weka nafasi ya asilimia 10 watakaokataa au kutoweka, unafika 494. Kwa lile swali la misimu miwili hesabu ni nyingine, na hapo mwanatakwimu aitwe kabla ya hojaji kuchapwa. Akiitwa mwishoni atakuambia tu kilichoharibika.

Kuhusu fedha za utafiti wa namna hii nitasema wazi. Zisitoke kwa kampuni ya tumbaku, hata ikija na gari na mashine. Majarida kadhaa makubwa, likiwamo BMJ la Uingereza, hayapokei tafiti zilizofadhiliwa hivyo, na mkulima ana haki ya jibu ambalo hakuna mnunuzi wake aliyeligusa.

Asiyevutwa na tumbaku anayo maswali mengine. Watoto wenye selimundu wako hatarini kupata kiharusi, na hatari hiyo hupimika kwa Dopla ya kichwani: kasi ya damu ikifika sentimita 200 kwa sekunde mtoto yuko pabaya. Hospitali ya Bugando, Mwanza, wameshafundisha madaktari wao kupima hivyo na kuwapa watoto dawa ya haidroksiurea katika utafiti. Mtu wa Tabora hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo kujifunza.

Hatua ya tano: andiko, kibali na ridhaa

Andiko likamilike ndani ya kurasa chache, kisha lipite kwenye kamati ya maadili ya chuo mnachoshirikiana nacho, au NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) ambako ndiko kibali cha kitaifa hutolewa. Akiwapo mtafiti wa kigeni, COSTECH (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia) nao wanahusika. NIMR wana kituo hapahapa Tabora, kilichojulikana zaidi kwa kazi ya malale. Nenda ukaonane nao mapema, kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Barua za mkoa na wilaya, na mazungumzo na mwenyekiti wa kijiji na viongozi wa AMCOS, ni sehemu ya kazi yenyewe.

Ridhaa ifundishwe kwa kuigiza, mwanafunzi mbele ya mtu mzima ambaye hajasoma udaktari. Iende karibu hivi:

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Mama, tunapima jinsi damu inavyofika miguuni kwa watu wanaolima tumbaku. Hii si tiba ya mguu wako. Ukikataa, dawa zako za presha unaendelea kupewa dirishani kama siku zote.”

“Na nikichoka katikati?”

“Unaacha, mama. Hatutakuuliza sababu.”

“Haya.”

“Kabla hujaweka sahihi au dole gumba, nieleze mama umeelewa nini.”

Mama akijibu kwamba amekuja kutibiwa mguu, mwanafunzi anarudi mwanzo, na sahihi haichukuliwi. Nimeona fomu nzuri za kurasa nne ambazo mgonjwa hakuelewa hata mstari mmoja. Swali hilo la mwisho linazidi fomu.

Hatua ya sita: siku moja ya wiki

Bila muda uliolindwa, yote niliyosema yatafanyika saa nne usiku na watu waliochoka, kisha yataachwa. Mganga mfawidhi aandike kwenye ratiba ya zamu kwamba kila Jumatano, kwa mfano, madaktari hawa wawili wako kwenye kliniki ya mishipa asubuhi na utafiti mchana, na kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo hawalali zamu. Iwe barua yenye sahihi. Ahadi ya mdomo hufa siku ya kwanza wodi ya wazazi ikijaa.

Mchana huo uwe na saa moja ya kusoma makala pamoja. Hospitali na vyuo vyetu vinaweza kusajiliwa HINARI, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, na kusoma majarida ambayo bei yake ingetushinda. Programu ya takwimu ya R ni ya bure.

Hatua ya saba: ngazi ya masomo

MD (shahada ya udaktari) ni miaka 5 na mafunzo ya vitendo mwaka 1. Baada ya hapo MMed (shahada ya ubingwa), kwa magonjwa ya ndani kwa kawaida miaka 3, inapatikana vyuo vya MUHAS Dar es Salaam, CUHAS Mwanza, KCMC Moshi na UDOM Dodoma. Kila MMed ina tasnifu, na tasnifu hiyo itoke kwenye rejista yenu, ili mwanafunzi arudi na jibu la swali aliloondoka nalo. Anayependa kisu anaweza kupita COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji chenye makao Arusha, ambacho humfundisha mtu akiwa kazini katika hospitali zilizoidhinishwa.

Ubingwa bobezi unafuata. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015, ndiyo shule kubwa ya moyo na mishipa nchini, na Wizara ya Afya ina ufadhili wa ubingwa bobezi wenye jina la Rais Samia. PhD isiharakishwe. Marekani wana utaratibu, tangu 1964, wa kuunganisha udaktari na PhD kwa mwanafunzi mmoja, kwa kawaida miaka 7 au 8. Kwetu, PhD inayofanywa wakati mtu ameshatibu miguu mia kadhaa huwa na swali lenye nyama.

Kabla ya kila masomo wekeni maandishi ya atarudi kwenye nafasi gani, na siku yake ya wiki inabaki palepale. Kumlaumu kijana kwa kutorudi wakati hapakuwa na kiti kinachomsubiri si haki.

Hatua ya nane: tiba iende sambamba

Ukimpima mtu ukampata na 190/110, huwezi kumwandika na kumpita. Kila andiko lionyeshe nani atamtibu, kwa dawa gani, dirisha gani, na atalipiwaje. Mwenye uwiano wa 0.64 aache tumbaku, apewe aspirini na dawa ya kushusha lehemu, presha na sukari vidhibitiwe, na afundishwe kutembea hadi maumivu yamshike, apumzike, aendelee. Akague nyayo zake kila jioni, au mjukuu amkagulie.

Mguu uliopoa ghafla, umepauka, unauma na hauna mapigo ni dharura ya saa 6. Kutoka Tabora hadi Bugando ni zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo mpango uwe umeandikwa na kubandikwa ukutani: simu inapigwa kwa nani, heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) inaanzwa kabla gari halijaondoka kama hakuna kizuizi, na nani anapanda na mgonjwa. Daktari-mtafiti mchanga ndiye auandike mpango huo, na muda wa kila safari uingie rejista.

Matokeo yarudi kwa walioyatoa. Mkutano mkuu wa AMCOS ni mahali pazuri kuliko ukumbi wa semina: dakika 20, kwa Kiswahili, na Kinyamwezi pale inapobidi, mkisema mlichokuta na mnachoshauri, kama vile kuchuma umande ukishakauka na kuvaa glavu na nguo ya mikono mirefu. Maswali ya wakulima yaandikwe, maana mengi yatakuwa mazuri kuliko ya kwenu. Halafu makala iandikwe, jina la muuguzi likiwamo kama alifanya kazi, na ipelekwe jaridani. Tanzania Journal of Health Research, jarida la NIMR, ni pazuri pa kuanzia.